Kipande cha Chuma Mdomoni mwa Bunduki
Mazungumzo Baada ya Habari: Nchi Jirani

Tarehe 31 Desemba 2013, Jaji William Skretny wa mahakama ya shirikisho la Marekani, katika jimbo la New York, alitoa hukumu juu ya sheria mpya ya silaha ya jimbo hilo. Sehemu kubwa ya sheria aliiacha isimame. Lakini palikuwa na maneno mawili aliyoyatengua kwa sababu hayakueleweka. Sheria ilikuwa imekusudia kutaja breki ya mtutu wa bunduki. Katika lugha ya Kiingereza neno la breki na neno la kuvunja hutamkwa sawasawa, ila huandikwa mbalimbali. Waandishi wa sheria waliandika lile la kuvunja. Jaji akauliza, kwa namna ya majaji: raia atajuaje kwamba amekatazwa kitu ambacho sheria haikukitaja?

Ndugu wasikilizaji, katika mazungumzo haya ya nchi jirani tumezoea kutazama mipaka yetu wenyewe. Leo tunaanzia mbali, kwa majirani watatu wa Amerika ya Kaskazini, yaani Marekani, Kanada na Mexico, kisha tutarudi nyumbani. Mazungumzo yanawahusu hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi. Jambo lenyewe ni dogo kwa umbo. Ni kipande cha chuma kinachofungwa mwisho wa mtutu, ambacho mara nyingi hakizidi urefu wa kidole. Hata hivyo kimewashughulisha wabunge, mafundi na majaji kwa miaka mingi, na kina somo kwa kila afisa atakayesimama mbele ya hakimu na kuulizwa: je, silaha hii ni halali au si halali, na wewe umejuaje?

Tuanze na kazi ya kipande hicho. Bunduki inapofyatuliwa, baruti huungua na kuwa gesi yenye moto na nguvu nyingi, na gesi hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Lakini baruti haimalizi kuungua yote ndani ya mtutu. Risasi inapotoka, gesi ya moto hutoka nyuma yake, ikakutana na hewa ya nje, ikawaka tena. Huo ndio mwako tunaouona mdomoni mwa bunduki, hasa usiku. Wakati huohuo, nguvu iliyoisukuma risasi mbele huisukuma bunduki nyuma, na hilo ndilo teke ambalo kila kuruta hulikumbuka begani mwake tangu siku yake ya kwanza katika uwanja wa shabaha.

Basi pana matatizo mawili, na kila moja lina kifaa chake. Kifaa cha kwanza ni kificha-mwako. Kazi yake ni kuitawanya gesi na kuichanganya na hewa kwa namna ambayo haitawaka kwa wingi. Watu wengi hudhani kifaa hiki kimewekwa ili adui asimwone mpigaji. Hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, kwa maana mwako hupungua lakini hautoweki kabisa, na aliye mbele ya bunduki bado anaweza kuuona. Faida yake kubwa ni kwa macho ya mpigaji mwenyewe. Askari aliyezoea giza la lindo, akipiga risasi moja na mwako ukamwingia machoni, huwa kama kipofu kwa muda, na muda huo unaweza kuwa ndio wa kufa na kupona.

Kifaa cha pili ni breki ya mtutu. Hii haishughuliki na mwako. Kazi yake ni kuipokea gesi inayotoka, kuigongesha kwenye kuta ndogo zilizo ndani yake, kisha kuigeuzia pembeni. Gesi inapozigonga kuta hizo huivuta bunduki mbele, na teke likapungua. Kama matundu yameelekezwa juu, gesi huukandamiza mdomo wa bunduki chini, usiinuke wakati wa kupiga risasi kwa mfululizo. Hasara zake zinajulikana na kila aliyewahi kulala kando ya mwenye bunduki ya namna hiyo. Mlio huwafikia walio pembeni kwa ukali zaidi, vumbi hutimka, na mara nyingi mwako huonekana mkubwa kuliko wa bunduki isiyo na kitu mdomoni.

Askari atazitambuaje? Kwanza kabisa, kabla ya kutambua lolote, bunduki itolewe magazini, chemba ikaguliwe, na mdomo wa mtutu uelekezwe mahali salama. Baada ya hapo tazama matundu. Kificha-mwako kwa kawaida kina nyufa zinazokwenda kwa urefu, sambamba na mtutu. Aghalabu huonekana kama uma wenye meno yaliyo wazi mbele, au kama kizimba cha ndege. Ndani yake ni papana, hakuna ukuta unaoikinga gesi. Breki ya mtutu kwa kawaida ina matundu yaliyokatwa kwa upana, kukingama na mtutu, na ukichungulia kwa pembeni utaona kuta zenye tundu dogo katikati, kiasi cha kupita risasi tu. Nyufa za urefu ni dalili ya kificha-mwako, na matundu ya upana ni dalili ya breki. Vilevile askari asivichanganye vifaa hivi na kizuia sauti, ambacho ni mwili mrefu uliofungwa pande zote, wala na kizibo kinachotumiwa kwa risasi baridi wakati wa mazoezi.

Lakini hizo ni dalili, wala si ushahidi kamili, kwa sababu mafundi wa silaha hawakufuata mipaka ya wanasheria. Chukueni mfano wa bunduki ya Kimarekani ya M16. Mwanzoni ilikuwa na kificha-mwako chenye meno matatu yaliyo wazi. Huko Vietnam meno yale yalinasa majani na vijiti vya msituni, kikatengenezwa kingine kilichofungwa mbele kama kizimba. Katika toleo la A2, nyufa za upande wa chini zikazibwa ili gesi isitimue vumbi mpigaji alalapo kifudifudi. Kwa kuzibwa huko, gesi ikawa inatoka juu na pembeni tu, na kifaa kilekile kikaanza pia kuutuliza mdomo wa bunduki. Je, hicho ni kificha-mwako au ni kisawazisha mtutu? Kinafanya kazi zote mbili. Bunduki ya AKM, iliyoanza kutumika katika jeshi la Urusi ya Kisovieti mwaka 1959, ina kipande kilichokatwa mshazari kama kalamu ya mwanzi, na kazi yake ni kuukandamiza mdomo usipande. AK-74 iliyoifuata ina breki kubwa yenye vyumba. Ndugu yake mkubwa, AK ya kwanza, alikuwa na kipete tu cha kulinda hesi. Zote ni za ukoo mmoja, na zote huua sawasawa.

Sasa tuje kwenye sheria. Tarehe 17 Januari 1989, mtu mmoja aliingia katika uwanja wa shule ya msingi katika mji wa Stockton, California, akiwa na bunduki ya Kichina ya aina ya AK inayojipakia yenyewe, akawaua watoto watano na kuwajeruhi wengine wengi. Wengi wa watoto hao walikuwa wa familia za wakimbizi kutoka Kusini-Mashariki ya Asia, waliokwisha kuzikimbia bunduki kwao. Mwaka huohuo California ikapitisha sheria ya kukataza bunduki za namna ya kivita. Mwaka 1994 Bunge la Marekani nalo likapitisha sheria ya nchi nzima, na Rais Bill Clinton akaitia saini tarehe 13 Septemba.

Hapo watunga sheria walikutana na swali gumu. Bunduki ya kivita ni ipi hasa? Bunduki zinazojipakia zenyewe baada ya kila risasi zilikuwa mikononi mwa wawindaji na wakulima wa Marekani kwa mamilioni, na hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuzikataza zote. Kwa hiyo wakatafuta alama za kutenganisha. Licha ya kutaja baadhi ya bunduki kwa majina, sheria ya 1994 ilisema kwamba bunduki ndefu inayojipakia yenyewe, yenye magazini ya kutoka, itahesabiwa kuwa ya kukatazwa ikiwa na mambo mawili au zaidi kati ya matano. Mambo hayo ni kitako cha kukunjwa au kurefushwa, kishikio cha namna ya bastola, mahali pa kufungia singe, kifaa cha kurushia gruneti, na kificha-mwako, au mtutu wenye hesi ya kufungia kificha-mwako.

Breki ya mtutu haikutajwa. Na wenye viwanda hawakulala. Walikata mahali pa singe, wakaondoa kificha-mwako, wakaweka kitako kisichokunjwa, wakabakiza kishikio kimoja cha bastola, na bunduki ikarudi dukani ikiwa halali. Kwa kuwa hesi nayo ilikatazwa, baadhi walifunga breki mdomoni kwa namna isiyoweza kufunguliwa. Idara ya shirikisho inayosimamia silaha ikalazimika kueleza maana ya kufunga moja kwa moja: ama kuchomelewa, ama kutiwa pini ambayo kichwa chake kimechomelewa juu, ama kulehemiwa kwa lehemu ya fedha isiyoyeyuka chini ya nyuzi 1,100 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 593 za Selsiasi. Ndugu wasikilizaji, fikirini jambo hili. Bunduki mbili zenye mtutu mmoja, risasi moja na mwendo mmoja wa kupiga. Moja inampeleka mwenyewe gerezani, nyingine inakaa ukutani sebuleni, na tofauti yao ni kama nyufa zimekwenda kwa urefu au kwa upana.

Sheria ile ilipewa umri wa miaka kumi. Tarehe 13 Septemba 2004 ilikwisha, na Bunge halikuihuisha. Kuanzia hapo jambo likabaki kwa kila jimbo. California ilikuwa imekaza sheria yake mwaka 1999, ikasema kwamba jambo moja tu linatosha, na kificha-mwako ni mojawapo. Kanuni zake baadaye zikaeleza kwamba kificha-mwako ni kifaa chochote kilichokusudiwa kupunguza au kugeuza mwako usimwingie mpigaji machoni, au kinachofanya hivyo kwa kweli. Kifaa chenye kazi mbili, kama mojawapo ni kuficha mwako, kinahesabiwa kuwa kificha-mwako, na kile ambacho mtengenezaji mwenyewe amekiita hivyo kinahesabiwa hivyo. Hapo tunaona maendeleo ya fikra: sheria imeacha kutazama umbo, imeanza kutazama kazi. Lakini jirani wa California, jimbo la Nevada, hana katazo hilo, na kificha-mwako kinachouzwa huko hufungwa kwa mkono kwa muda mfupi kuliko wa kuvuta sigara moja.

Tarehe 14 Desemba 2012, katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya msingi. Connecticut ilikuwa na sheria ya kuhesabu mambo mawili, iliyofanana na ile ya shirikisho. Bunduki iliyotumika ilikuwa imenunuliwa kihalali na mama wa muuaji, ambaye naye aliuawa asubuhi hiyohiyo. Kwa hesabu ya sheria, bunduki ile haikuwa na kosa. Huu ndio uzito wa mazungumzo yetu ya leo. Sheria ilihesabu vipande vya chuma, hesabu ikatoka sahihi, na watoto wakafa.

New York ilichukua hatua haraka baada ya msiba huo, Gavana Andrew Cuomo akatia saini sheria mpya tarehe 15 Januari 2013. Safari hii jambo moja lilitosha, na safari hii walikumbuka kutaja breki pia, pamoja na kisawazisha mtutu. Tumekwisha kueleza yaliyoipata breki hiyo kwa kosa la herufi. Mwezi Oktoba 2015 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba vifungu vilivyolalamikiwa havikuwa na utata wa kuvifanya vitenguliwe. Lakini karibu miaka miwili ilikuwa imepita. Askari polisi angeweza kumkamata mtu kwa kipande kile, na wakili akasimama kuuliza: kipande hiki kinavunja nini?

Tuwatazame majirani wa Marekani. Kanada, baada ya watu 22 kuuawa katika jimbo la Nova Scotia mwezi Aprili 2020, ilitoa amri tarehe 1 Mei mwaka huohuo iliyokataza kwa majina aina zipatazo 1,500 za bunduki, pamoja na kila bunduki inayozidi kipimo fulani cha nguvu ya risasi. Njia hii ni wazi kwa askari, kwa kuwa jina limo katika orodha au halimo. Upungufu wake ni kwamba kiwanda kinaweza kesho kutoa bunduki yenye jina jipya. Mexico imekaza zaidi. Huko raia hununua bunduki kihalali katika maduka machache sana yanayoendeshwa na jeshi lenyewe. Hata hivyo magenge ya madawa ya kulevya yamejaa silaha zilizovushwa mpakani kutoka Marekani. Mwezi Agosti 2021 serikali ya Mexico iliwashtaki watengenezaji wa silaha wa Marekani katika mahakama ya nchi yao. Tarehe 5 Juni 2025 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, iliamua kwamba madai hayo yamezuiwa na sheria ya mwaka 2005 inayowakinga watengenezaji. Jirani mwenye ukuta mrefu hawezi kulala salama ikiwa jirani yake ameacha mlango wazi.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunajifunza nini?

Kwanza, tunajifunza kwamba sheria ya silaha isimame juu ya kazi ya silaha, wala isisimame juu ya pambo lake. Katika jambo hili eneo letu lilichagua njia iliyonyooka. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwamo, inazitaka nchi wanachama kuwakataza kabisa raia kumiliki bunduki za otomatiki na zile zinazojipakia zenyewe nusu-otomatiki. Haiulizi mdomoni kuna nini, wala kitako kinakunjwaje. Inauliza bunduki inafanyaje kazi. Swali hilo lina jibu moja, na jibu hilo haliwezi kubadilishwa kwa bisibisi.

Pili, itifaki hiyo inataka silaha zitiwe alama, zile za serikali na zile zinazoagizwa kutoka nje, ili ijulikane ilitengenezwa wapi na ni ya nani. Kificha-mwako hufunguliwa, breki hufunguliwa, kitako hubadilishwa. Alama iliyochongwa katika mwili wa bunduki, na kuandikwa katika daftari linalotunzwa vizuri, ndiyo inayobaki. Anayeifuta huacha kovu, na kovu lenyewe ni ushahidi. Kituo cha kanda kinachosimamia kazi hii kiko Nairobi. Bunduki iliyopotea katika ghala la nchi moja ikakamatwa katika msitu wa nchi nyingine haiwezi kurudi kwao kama namba yake haikuandikwa popote.

Tatu, tunajifunza wajibu wa askari mmoja mmoja. Anayekamata silaha aipige picha na kuieleza kama alivyoikuta, kabla ya mtu yeyote kufungua kipande chochote. Katika maelezo yake asiandike jina la kifaa kwa kubahatisha. Kama hana hakika, aandike anachokiona: kipande cha urefu wa kiasi fulani, chenye nyufa ngapi, zilizokwenda upande gani, kimefungwa kwa hesi au kimechomelewa. Jina atalitoa fundi wa silaha, ambaye akiona haja ataipiga bunduki hiyo gizani, mara moja na kifaa na mara moja bila kifaa, kwa risasi za aina moja, na kuutazama mwako. Askari aliyeandika alichokiona hawezi kuaibishwa na wakili. Aliyeandika jina asilolijua anaweza kumfunga mtu asiye na hatia, au kumwachia mwenye hatia akatoka mahakamani akicheka.

Na nne, watunga sheria wanapokaa kuandika vifungu vya silaha, wawaite mafundi wa ghala na askari wa doria wakae nao. Pengine fundi mmoja wa kikosi, asiyejua sheria hata kidogo, angeliona kosa lile la New York kwa kulisoma mara moja.

Ndugu wasikilizaji, Waswahili husema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Bunduki nayo haijulikani kwa mdomo wake. Inajulikana kwa namna inavyojipakia, kwa namba iliyomo mwilini mwake, na kwa mkono ulioishika. Majirani wa mbali wamelipia somo hili kwa gharama kubwa, na sehemu ya gharama hiyo ilikuwa watoto wa shule. Sisi tumelipata kwa kusikiliza. Litakuwa na faida kwetu endapo usiku wa leo, katika lindo na katika vituo vya mpakani, kila daftari la silaha litafunguliwa na kila namba iliyomo italinganishwa na bunduki iliyopo.